JUA HUZAMA, PETROLI NAYO HUISHA

Mama yangu si mtu wa kupiga simu asubuhi. Yeye husema simu ya asubuhi ni ya msiba, na ya salamu hungoja jioni. Kwa hiyo Ijumaa moja ya mwezi Novemba uliopita, simu yake ilipolia saa moja kamili kutoka Mpwapwa, niliipokea nikiwa nimekwisha kusimama.

"Mwanangu," aliniambia baada ya kujuliana hali, "umeme haupo tangu juzi usiku. Sasa nauliza, dawa yangu bado ni dawa?"

Mama anaugua kisukari, na dawa anayojidunga ni insulini. Hukaa ndani ya jokofu, katika kikopo chenye kifuniko, juu ya rafu ambayo wajukuu wamekatazwa kuigusa. Nilimwambia asilifungue jokofu ovyo, na kwamba nitamuuliza mwuguzi ninayemfahamu. Lakini kabla hatujaagana akaniuliza swali la pili, ambalo sikuwa na mtu wa kumwuliza.

"Ninyi wa magazeti si mlitutangazia kwamba umeme umezidi, hata mitambo mingine inazimwa?"

Ni kweli tulitangaza. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lilianza kutoa umeme kwenye gridi ya Taifa mwezi Februari 2024. Mitambo yake ni 9, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115, na wa mwisho uliwashwa mwaka 2025. Mwezi Machi 2024 Serikali ilieleza kwamba mitambo 5 ya maji imezimwa kwa kuwa umeme uliokuwapo ulizidi mahitaji. Yote hayo yalikuwa kweli, na jokofu la mama lilikuwa giza.

Jioni ile ndugu watatu tulizungumza kwa simu. Kaka yetu mkubwa ni fundi wa magari pale Dodoma mjini, na neno lake lilikuwa moja tu: mama anunuliwe jenereta. Mdogo wetu, mwalimu huko Singida, alitaka paneli za jua na betri, kama zilizopo shuleni kwake. Kaka akacheka. "Jua huzama kila siku ya Mungu," alisema. "Petroli haizami." Mdogo wetu akamjibu kwamba petroli nayo huisha, na siku ikiisha hakuna anayejua itarudi saa ngapi, lakini jua hurudi saa kumi na mbili. Wakanigeukia mimi, kwa kuwa ni mwandishi, niamue. Nami, ndugu msomaji, sikuwa na la kusema. Nimekuwa nikiandika habari za umeme kwa miaka kadhaa, na sikuweza kumwambia mama yangu ni umeme upi wa kutegemewa.

Basi nimerudi nyuma kutafuta jibu, na leo nakuletea nilichokiona, maana mabishano ya aina hii najua yamo katika nyumba nyingi.

Tuanze na majina. Mafuta, makaa ya mawe na gesi huitwa nishati ya kisukuku, kwa sababu vilitokana na mimea na viumbe vilivyofukiwa ardhini kwa mamilioni ya miaka. Ukikichoma kimekwisha. Maji ya mito, jua, upepo na mvuke wa ardhini huitwa nishati jadidifu, kwa sababu vinajirudia vyenyewe. Wengi wetu hudhani kwamba cha kwanza ni cha hakika ila ni kichafu na ghali, na cha pili ni safi ila ni cha kubahatisha. Hivyo ndivyo kaka yangu anavyoamini, na sikuona ubaya wa kuanzia hapo.

Ila sisi Watanzania hatuna haja ya kubuni mifano. Tumekwisha kuzijaribu zote mbili, na kila moja imewahi kutuangusha.

Mwanzoni mwa mwaka 2006 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari ya bweni mkoani Iringa. Njia yetu kutoka Dodoma hupita juu ya ukuta wa bwawa la Mtera, na wakati huo ilikuwa barabara ya vumbi. Basi lilikuwa likisimama pale abiria wanunue samaki. Mwaka ule lilisimama, lakini wauza samaki walikuwa wachache, na maji tuliyozoea kuyaona karibu yalikuwa yamekwenda mbali, yakimetameta kama bati lililotupwa porini. Mahali palipokuwa na maji palikuwa na matope yaliyopasuka, na juu yake ng'ombe walikuwa wakilisha. Sisi watoto tuliona ni jambo la kuchekesha. Tulipofika shule tuliambiwa kuwa muda wa kujisomea usiku umepunguzwa, kwa sababu ya mgawo wa umeme. Hakuna aliyetueleza kwamba wale ng'ombe na lile giza vilikuwa habari moja.

Mtera ilikamilika mwaka 1980 ili iwe ghala la maji kwa ajili ya Kidatu, bwawa lililo chini yake katika mto huo huo wa Ruaha Mkuu. Kidatu ina mitambo ya megawati 204. Mwaka 1988 Mtera nayo ikapewa mitambo yake, megawati 80, hivyo maji yale yale yakawa yanafanya kazi mara mbili. Bwawa likijaa, uso wa maji huwa mita 698 na nusu juu ya usawa wa bahari. Yakishuka chini ya mita 690, mitambo haitakiwi kuendeshwa. Maana yake, akiba ya ghala lile kubwa ni mita 8 na nusu tu, urefu wa nyumba ya ghorofa mbili, iliyotandazwa katika nchi kavu yenye jua kali linalonyonya maji mchana kutwa.

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa nchi ilitegemea mvua za upande mmoja. Mvua zilipopunguka, nchi nzima ikapunguka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika ukame wa 2005 na 2006, na tena mwaka 2011, mgawo ulipofikia saa 12 kwa siku na hata zaidi katika sehemu nyingine. Mwezi Oktoba 2015 maji yalishuka tena hadi mitambo ya Mtera ikazimwa. Mwishoni mwa 2023 mgawo ukarudi. Kwa hiyo mtu akisema nishati jadidifu si ya hakika, anao ushahidi, nao umeandikwa katika daftari za kila fundi cherehani na kila mwuza barafu wa mijini.

Lakini tusimtupie mvua lawama zote. Mto Ruaha Mkuu unaopita katika hifadhi ya Taifa ya Ruaha ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi mwaka 1993, na tangu hapo hali hiyo imekuwa ikijirudia, kwa kuwa maji mengi hutumika juu kwenye mashamba na mifugo ya bonde la Usangu. Ule mchele wa Mbarali tunaousifu sana sokoni unatokana na maji ambayo yangeshuka Mtera. Sisemi wakulima wasilime. Nami naula mchele huo, na siku ya sikukuu ndio ninaoutafuta. Tena wapo watafiti walioutazama uendeshaji wa Mtera na Kidatu katika miaka ya 1990, wakaonyesha kwamba maji yalifunguliwa mengi mno wakati wa neema bila kufikiria kiangazi kijacho. Hapo si mto uliokosa uaminifu. Ni mwenye ghala aliyepika sufuria kubwa siku ya mavuno.

Sasa tumgeukie rafiki wa kaka yangu, yaani mafuta.

Wazee wetu waliokuwa wakiendesha magari katika miaka ya sabini na themanini wanakumbuka marufuku ya magari binafsi kutembea Jumapili mchana. Haikuwa adhabu, mafuta hayakuwapo. Bei ya dunia ilikuwa imepanda karibu mara nne kati ya 1973 na 1974, ikapanda tena 1979, na nchi isiyo na visima vya mafuta ililipa kwa pamba, kahawa na katani yake. Usidhani ni hadithi za kale. Mwezi Agosti 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, lita ya petroli ilivuka shilingi 3,400 jijini Dar es Salaam. Jua halikupanda bei mwaka ule.

Mkoa wa Kigoma uliendeshwa kwa jenereta za dizeli miaka mingi, hadi ulipounganishwa na gridi ya Taifa na jenereta zile kuzimwa. Dizeli ilipaswa kusafirishwa kutoka pwani hadi ukingo wa Ziwa Tanganyika, kuvuka nchi nzima, ili taa moja iwake. Mwenye kuliona hilo ni jambo la uhakika, basi uhakika wake una magurudumu, na magurudumu hupata pancha.

Zaidi ya hayo, mafuta na gesi vinapotafutwa kwa haraka huja na gharama zake. Mwaka 2006, nchi ikiwa gizani, mitambo ya dharura iliagizwa mbio mbio, na mkataba mmoja kati ya hiyo ukazua mjadala uliomfanya Waziri Mkuu wa wakati huo ajiuzulu mwezi Februari 2008. Sikusudii kuichimbua habari hiyo katika ukurasa wa familia. Natakia kusema tu kwamba mtu anayenunua jenereta usiku wa kiza hapatani bei vizuri, awe mtu au awe Serikali.

Gesi yetu wenyewe ni mahali pengine kabisa, na haki itendeke. Iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, lakini ilisubiri miaka 30, kwani mwaka 2004 ndipo bomba lilipoifikisha Ubungo. Mwaka 2015 bomba jingine kutoka Mtwara likafika Dar es Salaam, na mitambo ya Kinyerezi ikafuata. Bila gesi hii, ukame wa Oktoba 2015 ungetuacha tumekaa na vibatari. Gesi haiulizi kama mvua imenyesha, wala haiulizi kama ni usiku. Ukifungua, inawaka. Hiyo ndiyo sifa ambayo kaka yangu anaipenda, na ni sifa ya kweli, ingawa bomba nalo ni bomba, na mtambo wa gesi una siku zake za matengenezo kama gari lo lote.

Nani basi atadai kwamba kinachochomwa hakikosi kuwaka? Wapo ndugu zetu wa Afrika ya Kusini. Wana makaa ya mawe mengi kuliko nchi yo yote barani, na sehemu kubwa sana ya umeme wao hutokana nayo. Hata hivyo mwaka 2023 walikuwa na mgawo kwa zaidi ya siku 300. Makaa hayakuwa yamekwisha. Mitambo ilikuwa imechakaa, matengenezo yaliahirishwa, na hata vituo vipya vilipata ajali: mwezi Agosti 2021 mtambo mmoja wa Medupi ulilipuka, na Oktoba 2022 bomba la moshi la Kusile lilibomoka. Walikuwa na ghala limejaa, ila jiko limepasuka.

Nilipofika hapo niliona kwamba swali la kaka na mdogo wangu lilikuwa limeulizwa vibaya, nami nilikuwa nimelipokea vibaya. Hatukupaswa kuuliza kipi hakikosei. Kila kimoja hukosea. Tulipaswa kuuliza kinakosea namna gani, kinakosea lini, na kikikosea ni nani anayeshika zamu.

Chukua jua. Kosa lake linajulikana tangu Adamu: huzama jioni. Na kwa bahati mbaya watu wa mijini tunataka umeme mwingi zaidi jua likisha kuzama, kati ya saa moja na saa nne usiku, wakati taa, televisheni, feni na pasi vinapowaka kwa pamoja. Kwa hiyo mtu anayekuahidi kuendesha jiji kwa paneli peke yake, bila pa kuweka akiba, anakudanganya. Lakini tazama upande wa pili. Jua likifanya kazi mchana, maji ya bwawa yanaweza kufungiwa yangoje usiku. Tena kiangazi kinachokausha Mtera ndicho kinachotoa jua kali lisilo na mawingu. Kimoja kinapodhoofika, kingine kinapata nguvu. Ndiyo maana wenzetu wa Kishapu, mkoani Shinyanga, ambako mradi wa jua wa megawati 150 umeanza na awamu ya megawati 50, wana jambo la kuwafaa hata watu wa Ilala wasiopajua Kishapu.

Mvuke wa ardhini ni jambo jingine tena. Kule Olkaria, karibu na Naivasha nchini Kenya, mvuke unaochimbwa kutoka chini hutoa umeme usiku na mchana, masika na kiangazi, na unachangia zaidi ya theluthi moja ya umeme wote wa nchi hiyo. Hiyo ni nishati jadidifu, na katika uthabiti wake haina cha kuonea haya mbele ya mtambo wa gesi. Kwa hiyo hata jina jadidifu limebeba tabia nyingi tofauti, kama jina la ukoo linavyobeba mlevi na shekhe.

Hata hivyo, ndugu msomaji, hayo yote hayakuwa yamezima jokofu la mama yangu. Nilikuja kujua baadaye kwamba siku ile mabwawa yalikuwa na maji, gesi ilikuwapo, na mitambo ilikuwa ikizunguka. Kilichotokea ni kwamba upepo wa kwanza wa mvua za Novemba uliangusha nguzo moja, iliyokuwa imeliwa na mchwa chini, na nguzo ile ikavuta nyingine. Majirani walikuwa wameripoti mapema kwamba inainama. Wahusika walikuja siku ya nne.

Sisi wa magazeti tunapenda kuandika habari za mabwawa, kwa sababu bwawa hupendeza pichani na hufunguliwa kwa sherehe. Hakuna anayekata utepe wa nguzo. Lakini waulize watu wa Unguja. Kisiwa kilikuwa kikipata umeme kutoka bara kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari, ulioanza kazi mwaka 1980. Mwezi Mei 2008 njia hiyo iliharibika, na kisiwa kikakaa karibu mwezi mzima bila umeme. Mwezi Desemba 2009 ikaharibika tena, safari hii hadi Machi 2010, yaani miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, akina mama wakabeba ndoo, na ngurumo za jenereta zikajaa Mji Mkongwe kwa wale waliomudu. Iwapo umeme wa bara ulitoka kwa maji au kwa gesi, kwa mtu wa Mwanakwerekwe lilikuwa jambo lisilo na maana. Waya mpya wenye uwezo mkubwa ulianza kazi mwaka 2013.

Kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, mitambo 365 ya upepo ilikuwa tayari mwaka 2017. Ilikaa zaidi ya mwaka upepo ukiipiga bure, kwa sababu njia ya nyaya hadi Suswa, zaidi ya kilometa 400, ilikuwa haijakamilika. Iliunganishwa Septemba 2018. Nasi hapa nyumbani, tarehe 1 Aprili 2024, wakati maji ya Rufiji yalikuwa tele, gridi yetu ilipata hitilafu na karibu nchi nzima ikawa giza. Mwezi Machi 2025 Serikali ilieleza mpango wa kununua umeme kutoka Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, sababu mojawapo ikiwa ni upotevu mkubwa wa umeme unaposafirishwa mbali kutoka ulikozalishwa. Wapo waliocheka kusikia kwamba nchi yenye ziada inanunua. Mimi sikucheka. Ziada iliyoko Rufiji haimfai mtu wa Arusha kama sehemu yake inamwagika njiani, sawasawa na maji ya bomba lililotoboka.

Turudi Mpwapwa. Mwuguzi niliyemwuliza alinieleza hivi, nami nakunakilia kwa faida ya wenye wagonjwa nyumbani, ila usiache kumwuliza wako, kwa kuwa dawa hutofautiana. Chupa za insulini ambazo hazijafunguliwa huhifadhiwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za sentigredi, na kamwe zisigande barafu. Chupa iliyokwisha kufunguliwa huweza kukaa nje ya jokofu wiki nne hivi, mradi pasiwe na joto la kuzidi nyuzi 25 au 30 kulingana na aina yake, na isipigwe na jua. Akauliza: "Mama yako hana mtungi?"

Anao. Alitwambia tutafute mitungi miwili, mmoja uingie ndani ya mwingine, katikati tujaze mchanga na kuulowesha maji asubuhi na jioni, dawa iwekwe katika kikopo kikavu ndani ya mtungi mdogo, na juu pafunikwe kitambaa kibichi. Maji yakitoka mchangani na kupotelea hewani, huondoka na joto. Katika hewa kavu ya Dodoma mtungi wa namna hiyo hupoa vizuri; hapa Dar es Salaam, palipo na unyevu mwingi, hupoa kidogo tu. Mama alipoelezwa alinyamaza, kisha akasema kwamba bibi yetu alikuwa akihifadhi maziwa hivyo hivyo, na kwamba yeye alidhani tumesomeshwa ili tumletee kitu kipya.

Baada ya nguzo kusimamishwa tulipiga hesabu, na hesabu hii nayo naiweka hapa. Jenereta ndogo ya petroli hunywa kama nusu lita kwa saa hata ikiwa na kazi ndogo. Ukiiwasha saa 8, umekunywesha lita 4. Kwa bei ya wakati huo, karibu shilingi 3,000 kwa lita, ilikuwa shilingi 12,000 kwa siku ili kupooza kikopo kimoja cha dawa. Tena isiwekwe ndani wala barazani wala karibu na dirisha, kwa kuwa moshi wake una sumu isiyo na harufu ambayo huua watu usingizini. Paneli za wati 200 kwa jua la Dodoma, ukitoa vumbi na upotevu, zaweza kukupa kama wati-saa 700 kwa siku. Jokofu dogo la kutumia betri hula kama 400 au 500. Zinazobaki zinatosha taa tatu nne na kuchaji simu. Hazitoshi pasi, wala birika la umeme, na anayekuuzia akisema zinatosha muulize atakuwa wapi mwezi ujao. Betri ya kawaida ya Ampea 100 inabeba kama wati-saa 1,200, lakini ukiitumia zaidi ya nusu mara kwa mara unaiua mapema. Kwa hiyo inakuvusha usiku mmoja. Mawingu ya siku mbili mfululizo tayari ni mashaka, na hapo kaka yangu alikuwa na haki.

Tulinunua paneli na jokofu dogo, tukichangishana kwa awamu. Umeme wa gridi haukukatwa. Ukiwapo, unaijaza betri. Kaka alisema ataazima jenereta ya gereji pakiwa na shida, ili tu tusiseme hakutoa kitu.

Shida ilikuja katikati ya Januari. Mvua ilinyesha siku tatu bila kuacha. Siku ya pili nyaya zikaanguka tena, na hili sikuwa nimelifikiria: mvua iliyoleta mawingu juu ya paneli ndiyo hiyo hiyo iliyoangusha nyaya, hivyo vitu viwili tulivyoviwekea matumaini viliondoka kwa mkono mmoja. Siku ya tatu saa sita mchana taa ya betri ikageuka nyekundu. Mama akampigia kaka, na kaka akaifunga jenereta nyuma ya gari la rafiki yake, akaja.

Alifika saa mbili usiku akiwa ametota. Jenereta, iliyokuwa imekaa miezi bila kuwashwa, ilikataa. Kabureta ilikuwa imeziba kwa mafuta yaliyokauka ndani yake. Nilikumbuka habari ya uwanja wa ndege wa Nairobi, usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika karibu Kenya nzima na jenereta ya sehemu moja ya uwanja nayo ikakataa, abiria wakabaki gizani na mizigo yao. Sikumwambia kaka. Fundi wa magari wa miaka 20 alikuwa amepiga magoti nyuma ya nyumba ya mama yake, mwavuli begani, tochi ya simu mdomoni, akisafisha kabureta kwa unyoya wa kuku.

Saa tano za usiku injini ikaitika, na kaka akanipigia kunisikilizisha ngurumo yake. Mama alikuwa amekwisha kulala. Dawa ilikuwa mtungini tangu adhuhuri.

Asubuhi yake mama alinipigia tena, safari hii saa kumi na mbili na nusu, kuuliza ni nani aliyekuwa akiwasha pikipiki nyuma ya nyumba yake usiku kucha.